Mipopla ya Nekqadam

Siku alipozaliwa Nekqadam, babake, Davlatsho, alipanda mipopla kando ya mfereji, kama afanyavyo kila baba wa bonde la Bartang: mtoto akioa, miti iwe boriti za nyumba yake. Kila Navruzi, sikukuu ya mwaka mpya, alimsimamisha mwanawe kwenye kila shina, mti mmoja usiuonee wivu mwingine, akachanja gome kwa kisu usawa wa utosi. Mipopla ikarefuka, jamani, hata kunguru aliyetaka kufika kileleni alifunga masurufu ya njiani!

Sasa mchumba kapatikana, na leo Qimatsho, baba wa binti, anakuja kugonga miti asikie kama ni mizima. Bila boriti hakuna nyumba. Bila nyumba hatoi mtoto wake.

Davlatsho roho ilikuwa juu. Chini ya mashina palimwagika unga wa mbao, na kila alfajiri aliufagia kabla Nekqadam hajaamka. Nyigu nao walizagaa pale, weusi wenye mikanda ya njano na mabawa kama kioo. Kijijini alijigamba, "Miti yangu ina askari!"

Asubuhi hiyo askari mmoja alitua mkononi mwake. Akangoja mwiba. Wapi! Nondo mtupu, kajivika sare ya nyigu. Akainua macho: kwenye chanjo za kisu, ganda kavu la buu lilichomoza hapa, jingine pale. Mlango wa mdudu ameufungua yeye mwenyewe, mwaka baada ya mwaka.

Qimatsho akafika, akagonga chini kwa kisigino cha shoka. Ngo! Ngo!

"Mashallah, mkwe! Haya ni mapaja ya ngamia. Ita mafundi."

"Juu, penye chanjo, hujagonga."

"Nigonge juu, mimi kigogota?"

Davlatsho angeweza kucheka, mambo yakaishia hapo. Akaliwazia paa la boriti hizo, na vichwa viwili vimelala chini yake. Akalitwaa shoka, akapiga penye chanjo. Mti ukakatika kama mkate mkavu. Mashimo matupu, na funza weupe wakijinyonganyonga.

"Binti yangu halali chini ya boriti hizi," Qimatsho akasema, akashika njia. Chai ya maziwa aliyowekewa ikapoa bakulini.

Nekqadam akasogea, akapapasa chanjo, moja moja. "Baba, ulikuwa ukinipima tu."

"Nilikuwa nikikupima, mwanangu."

Kesho yake unga ulimwagika tena. Davlatsho hakufagia.