Nyimbo Nane Hazitoshi

Watu wengine volkano iliwanyang'anya nyumba. Dancille ilimpa albamu moja, na tangu siku hiyo hakupata raha.

Ilikuwa ule mwezi wa tano wa 2021, serikali ilipoamuru Goma ihame. Dancille alifunga mlango wa nyumba yake ya Majengo, akamtwisha mume wake Valentin godoro, akamshika mkono binti yake Joyeuse, akamwambia mkwewe, Muzee Havugimana, atembee mbele ili asipotee, na wote wakashika njia ya Sake pamoja na mji mzima. Huko walipokewa na Barthélemy, mwalimu wa shule ya msingi, binamu wa Valentin. Barthélemy hakuwa na chakula cha kutosha wala blanketi za kutosha, lakini alikuwa na redio inayocheza flash, na ndani ya flash mlikuwa na albamu iitwayo *Maziwa na Moshi*.

Dancille alikuwa mpima damu katika kituo cha afya, mwenye diploma yake ya graduat, mwanamke asiyevumilia upuuzi. Jazi kwake ilikuwa muziki wa hoteli za wazungu. Inanga, chombo cha nyuzi cha wachungaji wa milimani, aliijua kwa sikio tu, kwenye redio, maana alizaliwa Murara mjini na hakujua hata inafananaje. Sasa amekaa kwenye baraza ya watu, miguu imevimba, na anasikia inanga ikizungumza peke yake, taratibu, halafu saksafoni inaingia kando yake kama jirani asiyebisha hodi lakini aliyekuja na chakula. Nyuma yao besi nzito inatembea bila haraka. Akasahau miguu.

"Barthélemy, hii ni nini?"

"Vijana fulani. Wengine wa Bukavu, wengine sijui wa wapi. Njo wimbo wa wachungaji wa Masisi huo, wameuchanganya na jazi."

"Niwekee kwenye simu."

Alirudi Goma na nyimbo nane. Alizisikiliza akifua, akipika, akisubiri damu ya watu ikauke kwenye vioo vya darubini. Baada ya miezi michache alijua kila mahali mpiga saksafoni anapovuta pumzi. Akataka nyingine. Hakutaka hizo hizo. Alitaka za kufanana nazo. Hapo ndipo hasira zake zilipoanza.

Karibu na soko la Virunga alikuwapo mtu mnene jina lake Grégoire, aliyekaa chini ya mwavuli na kompyuta yake, akiwawekea watu nyimbo kwenye simu. Dancille alimsikilizisha nyimbo zake. Grégoire akatikisa kichwa kama daktari, akampa rumba ya zamani.

"Hii siyo," Dancille akasema aliporudi.

"Gitaa si iko ndani?"

"Gitaa iko hata kanisani, Grégoire."

Safari iliyofuata akampa saksafoni tupu, laini, ya kuteleza. Dancille akaisikiliza nusu ya wimbo. "Hii ni ya mutu anayengoja visa," akasema, akadai ifutwe. Akajaribu mwenyewe kwenye internet. Simu ikafikiri weee, mwishowe ikamletea saa nzima ya sauti ya mvua, ya kulaza watoto wachanga. Mvua ya kusikiliza, kwa mtu wa Majengo, ambaye ikinyesha anainua magodoro.

Muda ulipita hivyo. Kisha vita vikarudi. Waasi wakashuka kutoka upande wa Rutshuru, wakaingia Masisi, wakakaribia Sake ile ile. Mjini watu wakaanza kutazamana pua, wajue nani ni wa kabila gani. Kinyarwanda, ambacho nusu ya majirani walikijua na robo walikizungumza tangu enzi za babu zao, kikahesabiwa lugha ya waasi, kitu cha kunong'onezwa jikoni. Na siku moja Dancille alipoweka simu yake mezani kwa Grégoire, wimbo wa tatu, wa Kinyarwanda, ulipoanza tu, yule bwana akaifunika kwa kiganja.

"Mama, zima. Zima kwanza."

"Juu ya nini?"

"Batu banasikia. Hiyo miziki si ya huku. Vuka barrière ya Rwanda, huko utapata ya kujaa gunia."

"Wameandika wimbo wa wachungaji wa Masisi. Masisi iko ng'ambo ya nini?"

"Miye sikukatala, mama. Lakini bakija kuvunja computer yangu, utabaonyesha ramani?"

Hakuwa mtu mbaya, Grégoire, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi. Mtu mbaya unamtukana, unaondoka umepoa. Dancille aliondoka akiwa anachemka, akatembea hadi nyumbani bila kupanda pikipiki, akaingia uani, akaunganisha simu na spika ya Joyeuse, akaweka wimbo wa tatu kwa sauti yote.

Valentin akatoka ndani mbio. "Mama Joyeuse, punguza."

"Niko kwetu."

"Najua uko kwetu. Punguza."

Muzee Havugimana alikuwa ameketi kwenye kigoda chake kando ya ukuta wa mawe ya volkano, akimenya maharage. Alikuwa mtu wa maneno machache. Alikuja kuishi nao mwaka wa 2012, katika uasi uliotangulia huu, baada ya kupoteza zizi lake la ng'ombe kule Kilolirwe, Masisi. Bila kuinua macho akasema, kama anayezungumza na maharage:

"Wa tatu umelegea."

Dancille akazima spika. "Nini kimelegea, Papa?"

"Uzi," mzee akasema, akaendelea kumenya. Valentin akaanza kutazama mawingu, na Dancille alimjua mume wake: akitazama mawingu, kuna jambo.

"Valentin. Papa amejuaje kama uzi wa tatu umelegea?"

"Papa alikuwa anapiga inanga," Valentin akasema. "Zamani. Harusi zote za kule, ng'ombe wa mahari wakifika, ni yeye aliyekuwa anaitwa kuwaimba. Kila ng'ombe na jina lake la sifa."

Dancille alikaa chini kwenye ndoo iliyopinduliwa. Alikumbuka mwavuli wa Grégoire, mvua ya watoto wachanga, pesa zote za internet zilizoliwa na upumbavu. "Nimezunguka Goma nzima kama mwendawazimu," akasema polepole, "mukiniangalia. Mimi naomba maji kwa watu, na kisima kiko uani kwangu kinamenya maharage."

"Hukuuliza."

"Ningeuliza namna gani? Niamke asubuhi niseme, bwana wangu, kwa bahati baba yako si fundi wa inanga? Na inanga yenyewe iko wapi?"

Hapo Valentin akakohoa. Mzee akaacha kumenya. Wote wawili, bila kupanga, wakatazama paa la choo, mahali Dancille alipokuwa ameanika sambaza za asubuhi, wale samaki wadogo wa ziwani, juu ya ule ubao mrefu uliochimbwa katikati kama sinia, wenye meno kwenye ncha zake mbili.

Ubao ule ulikuja mwaka wa 2012, hauna uzi, umefungwa ndani ya mkeka wa mzee. Aliulaza nyuma ya mlango. Dancille aliukuta hauna kazi, akaupa kazi. Kwa zaidi ya miaka kumi ulikuwa umebeba sambaza kwenye jua. Na mzee, mtu wa ng'ombe, mtu ambaye kwao maziwa na samaki havikai hata katika kikapu kimoja, alikuwa anaona, kila wiki, na hakusema.

"Papa," Dancille akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikashuka. "Juu ya nini hukunikataza?"

"Jikoni ni kwako," mzee akajibu. "Miye ni baba wa mume wako. Nitakutukana juu ya vyombo?"

Ndiyo desturi yao. Baba mkwe hamwingilii mke wa mwanawe katika mambo ya jikoni, hata jiko likimezwa na mwitu. Dancille aliijua desturi hiyo na aliipenda siku zote, kwa sababu ilimwachia amani. Siku hiyo aliichukia.

Aliosha ubao kwa majivu, kwa ndimu, kwa maji ya moto, akaurudisha kwa mzee kwa mikono miwili. Mzee akaupokea, akaunusa, akauweka kando.

"Hapana."

"Juu ya samaki?"

"Harufu ya samaki itaisha. Nyimbo ni za ng'ombe, na ng'ombe wameliwa. Na hata kama wangekuwapo," akaonyesha ukuta kwa kidevu, "unapenda tupigwe mawe?"

Yaani ndiyo hiyo sababu. Alikuwa na nyimbo nyingi kuliko flash yoyote ya Grégoire, na alikuwa amekusudia kufa nazo mdomo umefungwa, kwa kuogopa majirani. Dancille aliona wazi kwamba sasa hakuwa anatafuta muziki tena. Alitaka mzee huyu apige uani kwake, mchana, kwa sauti ya kawaida, kama watu wengine wanavyopiga redio zao. Akikataa, nyimbo zimekwisha. Hakuna soko la kuzinunua.

Alifanya alichojua kufanya: akashika kazi mwenyewe. Alitoka sokoni Kituku na uzi wa nailoni wa wavuvi, na Jumapili baada ya misa akakaa mbele ya mzee, makusudi, akaanza kuukata vipande vinane na kuvifunga kimoja kimoja kwenye meno ya ubao, kwa mafundo ya kufungia mifuko. Halafu akaupiga. Ulitoa sauti ya bati linalogongwa na mbuzi.

Mzee alivumilia kidogo. Akahamisha kigoda. Dancille akapiga tena, kwa nguvu.

"Umeukata?" mzee akasema.

"Nimeukata."

"Inanga ina uzi mumoja. Mumoja tu, unaenda na kurudi, unaenda na kurudi, hata huo wa tatu ni ule ule. Umeukata kama tambi." Alikuwa amesimama. Dancille hakuwahi kumwona mtu huyu amekasirika. "Graduat nzima. Lete hapa. Na lete uzi mwingine, kama hujaumaliza. Uzi wa samaki tena, Mungu wangu."

Uzi ulikuwepo. Dancille alikuwa amenunua wa kutosha, hakuwa mjinga. Mzee akafungua mafundo yote, akivikwanyua vile vipande kwa dharau, akaupitisha uzi mmoja kutoka jino hadi jino, akivuta, akisikiliza, akilaani nailoni. Alipomaliza akauegemeza ubao kwenye paja, akapitisha vidole. Ndipo ikaja ile sauti. Haikuwa na saksafoni kando yake, wala besi. Ilikuwa peke yake, kavu kidogo, na ilikuwa yenyewe. Mzee akaanza kumwita ng'ombe mmoja kwa jina, mwenye pembe za kufungua mawingu, aliyenywesha nyumba nzima mwaka wa njaa.

Valentin akaenda kufunga madirisha.

"Acha wazi," Dancille akamwambia.

Kichwa cha jirani yao Marcelline kikatokea juu ya ukuta. Marcelline na Dancille walikuwa wakipeana chumvi na moto kwa miaka.

"Dancille. Munaimba nini pale?"

"Muzee anapiga inanga."

"Ndugu yangu analala kambini Kanyaruchinya chini ya bashi, turubai tupu, juu ya mawe. Bale bamemufukuza banasema luga hiyo hiyo."

"Na muzee huyu walimufukuza nani? Mara ya kwanza waasi. Mara ya pili wale waliosema wanapigana na waasi. Wote wakakula ng'ombe. Hakuna hata mumoja aliyeuliza ng'ombe anasema luga gani."

"Miye sikusema muzee ni mubaya."

"Umesema nini basi?"

"Nimesema luga."

"Luga hiyo inakusalimia kila asubuhi tangu 2012, mama, na unaitika."

Marcelline akatazama mahali pengine. Alikuwa na la kusema juu ya ndugu yake, na lilikuwa la kweli, na Dancille alijua ni la kweli. Kichwa kikashuka nalo. Baada ya kitambo redio yake ikalipuka upande wa pili, kwaya nzima na ngoma na kinanda, kwa sauti ya kubomoa ukuta.

Mzee akaweka kiganja juu ya uzi. Akaanza kuinuka.

"Papa, kaa," Dancille akasema.

Mke wa mwana hamwamuru baba mkwe. Valentin akafumba macho. Mzee akabaki hivyo, nusu amesimama nusu ameketi, akimtazama huyu mwanamke aliyempa inanga yake kazi ya kukausha samaki. Halafu akakaa. Akasikiliza kwaya, kichwa kimeinama upande.

"Banaimba haraka," akasema. "Banakimbia nini?"

Akaugusa uzi, akapotea, akaugusa tena. Akaisaka kwaya kama mtu anayesaka ndama kwenye ukungu, akaipata, akaanza kutembea kando yake kwa mwendo wake mwenyewe, wao wakikimbia na yeye hakimbii. Chini kabisa, nyuma ya ukuta, gitaa la besi la kwaya lilikuwa likipiga hatua zake. Dancille akasimama juu ya ndoo.

"Mama Marcelline," akaita, "ongeza kidogo. Besi haisikiki vizuri huku."

Redio ikazimwa papo hapo.

Sasa inanga ingesikika peke yake hadi barabarani. Mzee hakuinuka. Alingoja kidogo, kama mtu aliyepishwa njia na gari kubwa, kisha akaanza ng'ombe wa pili, kwa sauti yake yote, madirisha yakiwa wazi. Dancille akabeba ndoo yake hadi kwenye mlango wa uzio, akakaa, akaitazama barabara, asikilize na aone nani atakuja kuuliza.