Injini Isiyo na Hata Msumari

Injini yetu ya ndege haina hata msumari. Ni hesabu tupu ndani ya kompyuta. Wiki nzima programu yangu ya kuiongoza imekuwa ikiiunguza, na mkuu wetu, fundi aliyezeekea kwenye injini za kweli, amenisema hadi nimekonda.

Leo, kuijaribu kwa ile ajali ya bata kuvutwa ndani ya injini angani, nikaimezesha bata wa hesabu ikiwa kwenye kasi ya mwisho. Joto likapanda, skrini ikawa nyekundu. Mara programu ikapunguza mafuta, injini ikakohoa, ikatulia, ikaendelea kuzunguka!

“Mkuu, imepona!” nikapiga kelele.

Wapi! Alishaona nyekundu, akadhani ni moto wa kweli, akachomoa kizimamoto, akaimwagia kompyuta povu lote.

“Imepona?” akauliza akihema.

“Injini ndiyo. Kompyuta imekufa.”