Adhabu ya Mkole

Mkole haukatwi kwa panga kabla ya mvua ya kwanza. Mbuzi hupelekwa kilimani akala majani, mti ukiwa umesimama. Anayekata hutoa mbuzi jike mmoja kwa wazee, wala hakuna udhuru unaosikilizwa.

Pale Kewanja hatukuhitaji kuliandika jambo hilo. Mkole huota penye mawe matupu, na kiangazi kinapomaliza nyasi zote, huo peke yake hubaki na majani. Lakini mwaka ule wachimbaji wa dhahabu walikuwa wamekwisha kufyeka mikole yote ya upande wa mashariki, wakaifanya matimba, nguzo za kuzuia maduara yao ya kuchimbia yasibomoke. Upande wa magharibi vilibaki vichaka vichache katikati ya mashimo.

Mjane Wegesa alikuwa na mbuzi wawili. Mmoja alitumbukia shimoni akafa. Wa pili ndiye aliyekuwa akimpatia maziwa mjukuu wake Frida, mtoto mchanga asiye na mama. Wegesa akaogopa kumpandisha huko. Alikwenda peke yake na panga, akarudi mchana na mzigo wa matawi kichwani, watu wote wakimwona.

Tulikwenda nyumbani kwake wazee watano, nami, mwalimu wa kijiji, nikiwa msemaji.

"Shikamooni, wazee wangu."

"Marahaba. Ulikata?"

"Nilikata, Mwalimu. Si nilipita mlangoni pako? Na hao wa matimba, mmewatoza mbuzi wangapi?"

"Wana leseni," nikasema.

Mzee Waitara akacheka bila furaha. "Tuliwaendea, mama. Walituuliza kama tumekuja kuomba kibarua."

"Basi mnayemweza ni mimi."

Nilijua kwamba amesema kweli. Nilijua pia kwamba tukimsamehe, kufikia Jumapili kila nyumba itapanda kilimani na panga. Na kwamba hata tusipomsamehe, wachimbaji watavimaliza vichaka vile kabla mvua haijanyesha. Nikatamka adhabu kama baba yangu alivyokuwa akiitamka.

"Niacheni nimkamue kwanza," Wegesa akasema.

Tukangoja tumesimama juani. Yalitoka maziwa ya nusu kikombe. Akamnywesha mtoto taratibu mpaka yakaisha, akaifungua kamba ya mbuzi kwenye nguzo, akaiweka mkononi mwangu.