Neema Yatosha, Oili Haitoshi

Lori la Mzee Hudson wa Chawia limeandikwa NEEMA YATOSHA juu ya kioo cha mbele, kwa rangi nyekundu. Habari za neema sizijui, mimi si mchungaji. Ninachojua ni kwamba oili haikutosha. Kila alipoliegesha kwenye gereji yangu hapa Voi, karibu na reli ya zamani, boksi la stelingi, yaani la usukani, lilitema oili chini mpaka mbwa wa jirani wakatafuta pengine pa kulala.

Mzee huyu ni shemasi wa kanisa, ila mdomo wake haujapata ushemasi. Huja gereji amevaa shati jeupe, makusudi, ili apate sababu ya kugombana nami doa likimwingia. Amebeba kabeji na ndizi kutoka milimani hadi soko la Voi tangu mimi nikivaa kaptura ya shule, na kwa maoni yake hakuna binadamu mwingine anayejua kushuka zile kona. Yeye huniita takataka, mimi humwita mzee. Tunaelewana.

Safari hii alikuja na binti yake Daisy, mwalimu wa sekondari huko Mwatate. Mwalimu huyo akikuangalia unavua kofia bila kuambiwa.

“Fundi,” Daisy akasema, “wiki jana Baba alikosa kona. Aliingia kwa shamba la watu, akalaza mahindi na choo. Bahati choo hakikuwa na mtu. Anasema ni steering.”

“Ni steering!” mzee akadakia. “Hiyo kitu ni nzito kama dhambi.”

“Haya. Fundi atengeneze mara ya mwisho. Ikipona, Baba aendelee kuendesha na mimi sitafungua mdomo tena. Ikikataa, tunauzia Kaloki wa Taveta abebee ndizi zake, na Baba akae nyumbani.”

“Nikae nyumbani nifanye nini? Nichunge kuku?”

Daisy akanigeukia. Aliniangalia mimi, na mzee naye akaniangalia, na sikuwahi kumwona akiniangalia vile. Macho yalikuwa ya mtu anayeomba. Basi nikajipiga kifua. Nikawaambia Muinde, yaani mimi, hajashindwa na boksi la stelingi tangu azaliwe. Nimeshindwa na serikali, nimeshindwa na mama mkwe, lakini boksi, hapana.

Kitu kimoja tu kiliniuma. Sisi mafundi viganja vyetu ni vichafu mchana kutwa, kwa hiyo mtu akija kutusalimia tunamnyooshea kifundo cha mkono, naye anashika hapo penye nafuu. Mzee Hudson alikishika changu kwa mkono wa kushoto. Wa kushoto! Siku ya kwanza nikasema labda kasahau. Kesho yake akarudia, na siku ya tatu tena, nikajua ni dharau, Mtaita ameona Mkamba hafai kupewa mkono wa kulia. Nikanuna. Nilimwekea kinyongo kama mtu anavyoweka akiba.

Kazi ikaanza. Mimi nilikuwa chini ya gari, mzee alikaa juu ya tairi kuukuu akitoa maoni. Nilitia alama kwa patasi kwenye ule mkono wa chuma unaovuta magurudumu, ili nikiurudisha usikae upande, kisha nikautoa, nikashusha boksi na kulifungua mezani. Sili, zile pete za mpira za kuzuia oili, zilikuwa zimevimba kama maandazi. Nilipozigusa zilikatika.

“Mzee, nani alitia oili ya breki humu?”

“Dereva mmoja wa sokoni aliniambia inafanya sili zinenepe, zizibe.”

“Zimenenepa, halafu zimeoza. Na hii harufu nyingine ya nini? Kama saladi.”

Akakohoa. “Pasta aliombea gari.”

“Aliombea, halafu akamimina mafuta ya upako ndani?”

“Kidogo tu. Kifuniko kimoja.”

Niliweka spana chini nikacheka mpaka nikaegemea meza. Halafu nikamhubiria, maana nafasi ya kumhubiria shemasi haiji kila siku. Nikamwambia mficha maradhi kifo humuumbua, na gari ni hivyo hivyo. Likivuja unalileta kwa fundi mapema, huliwekei dawa za kuficha ukaenda nalo kanisani kama hakuna kitu. Nilingoja anitukane. Mzee aliangalia upande wa reli tu. Nikafurahi nikidhani nimemshinda kwa maneno.

Ndani ya boksi la namna ile mna goroli ndogo za chuma, zinazokimbia kwenye mifereji ya shafti, chuma cha katikati, ili usukani uzunguke laini. Ikipotea hata moja, umeharibu kazi yote. Nilizimwaga kwenye bakuli la mafuta ya taa, na kwa kuwa mikono yangu ilikuwa na kazi nikamsukumia mzee bakuli mkono wa kulia. “Shika hapa kidogo.”

Bakuli likaanguka. Wala hakujaribu kulidaka. Goroli zikatawanyika gereji nzima kama watoto waliosikia kengele.

“Ni shetani,” mzee akasema.

“Shetani ana kazi zake nyingi! Hii ni wewe!”

Nilipiga magoti, nikatambaa, nikatukana ukoo wake wote isipokuwa Daisy. Moja ikaokotwa na kuku wa Wanza, mama anayepika chakula kibanda cha pili. Nikamkimbiza huyo kuku hadi jikoni, kati ya sufuria za maharagwe, nikampanua mdomo. Wanza alisimama na mwiko mkononi.

“Muinde, kama amemeza, utakaa hapo umngoje mpaka aitoe.”

Hakuwa amemeza; niliitoa, goroli zikatimia zote. Niliporudi mzee alikuwa bado amesimama pale pale, shati limelowa mafuta ya taa kuanzia tumboni, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakulalamika juu ya shati. Ningekuwa na akili ningeuliza. Lakini nilikuwa na hasira, na mwenye hasira hana masikio wala macho.

Kazi yenyewe, niruhusu nijisifu, ilitoka safi. Ile sili ya chini ilikuwa imechimba mfereji kwenye shafti kwa kusuguana miaka mingi, na fundi mvivu angetia sili mpya juu ya mfereji ule ule na oili ingevuja kabla hajanawa. Mimi nilipiga msasa taratibu, kisha nikaizamisha sili mpya ndani zaidi kidogo, mdomo wake ukalie chuma kisichoguswa. Nikarudisha boksi, nikajaza oili mpya nyekundu, nikainua magurudumu ya mbele kwa jeki na kuzungusha usukani kulia na kushoto mpaka mapovu yakaisha. Nikatandika katoni chini yake. Kufika asubuhi, katoni ilikuwa kavu kama mahubiri ya pasta wa mzee. Usukani nikauzungusha kwa kidole cha mwisho, hiki cha kutolea nta masikioni.

Mzee akaja. Akanisalimia kwa mkono wa kushoto. Nikameza hasira.

“Panda,” nikamwambia. “Endesha mwenyewe, uone kazi ya takataka.”

Tukashika barabara ya Mwatate. Palipokuwa pamenyooka aliendesha vizuri, akaanza hata kuimba wimbo wa kwaya. Tulipofika mahali pa kugeuzia akakata kona, na lori halikukata. Lilijivuta, likaipanua kona, likamfuata muuza matikiti aliyekuwa amekaa na biashara yake kando ya barabara. Yule mtu aliruka. Mzee akakanyaga breki, tikiti moja likapasuka chini ya gurudumu.

“Bado ni nzito!” mzee akapiga kelele. “Hukutengeneza kitu!”

Damu ikanipanda. Nilishuka, nikazunguka, nikamsogeza kando, nikashika usukani na kuuzungusha kwa kidole kile kile cha nta. Lori likageuka kama linacheza. Nikamrudishia kiti. Akajaribu tena, akaguna, mishipa ya shingo ikamtoka, na usukani ukaenda nusu, akauachia ili aushike upya, ukarudi.

“Mzee, unaendesha kwa mkono mmoja kama kijana anayeringia wasichana! Weka mkono wa pili!”

Hakuweka. Mkono wake wa kulia ulikuwa umelala pajani, kofia imeufunika. Nikaondoa kofia, nikaushika huo mkono nikaupandisha juu ya usukani kwa nguvu, nikauacha.

Ukateleza. Ukaanguka pajani, ukajigonga mlangoni, ukatulia.

Hasira yote iliniisha pale pale, nikabaki nimekaa na aibu. Zile salamu za mkono wa kushoto, bakuli, shati, vyote vilinirudia kwa pamoja. Muuza matikiti alikuwa akitutukana dirishani na hakuna aliyemsikia.

“Tangu lini?” nikauliza.

“Tangu Pasaka. Niliamka nikakuta umelala.”

“Umeenda hospitali?”

“Nimemwambia Mungu.”

“Na Mungu amesema nini?”

“Amenituma kwako.”

“Mzee, mimi natengeneza stelingi. Sitengenezi mikono.”

Alicheka kidogo, kisha kidevu kikaanza kumtetemeka. Akakishika kwa mkono mzima. “Muinde,” akaniita. Miaka yote hiyo sikujua kama jina langu analijua. “Ile sili ya zamani bado unayo?”

“Ninayo.”

“Irudishe. Ivuje kidogo tu. Ikivuja, watu watasema ni gari.”

 Nilimpenda yule mzee kuliko nilivyowahi kufikiri, na nilitaka kumpa anachotaka. Nikaiona ile kona, na choo, na siku choo kitakuwa na mtu. Nikatikisa kichwa. Hakunibembeleza.

Niliendesha mimi kurudi gereji. Tulipoingia tu simu yangu ikalia. Daisy.

“Fundi, steering imepona?”

Nikamtazama mzee. Akanyoosha mkono wa kushoto. “Lete hiyo simu.” Akaiweka sikioni, akakohoa kishemasi.

“Daisy. Gari imepona. Imepona kabisa, inageuka na kidole.” Kwenye simu nikasikia Daisy akianza kufurahi. “Hapana, ngoja. Kuja unichukue. Unipeleke kwa daktari. Na umwambie huyo Kaloki akikuja kuchukua gari, akuje na dereva wa maana. Kona za kwetu hazitaki mjinga.”

Akanirudishia simu. Akashuka polepole, akainama kuchungulia chini ya lori, akakaa hapo muda mrefu akitafuta tone. Hakuliona.

“Kazi nzuri, takataka wewe,” akasema.

Nikamnyooshea kifundo cha mkono kumuaga, kama kawaida, maana viganja vyangu vilikuwa vyeusi tii. Akauinua mkono wake wa kulia kwa ule wa kushoto, akauweka juu ya kifundo changu. Vidole havikufunga. Nikavifunga mimi, kimoja kimoja, kwa mkono wangu mchafu, na mzee hakusema neno juu ya grisi.