Koti Lililogoma Kuinua Mkono

Haya ninayoyaandika ni kweli tupu. Kama nimetia chumvi, basi mabomba yote niliyofunga kabla sijastaafu yavuje leo hii, na wenye nyumba wanifuate mlangoni na ndoo zao.

Mimi ndiye niliyemfundisha mjukuu wangu wa kike kuchonga mikunjo ya nguo. Si nguo za kuvaa mimi na wewe, ni za watu wa kompyuta. Mjukuu anaishi nasi, na alikuwa amepata kazi ya majaribio kwa watengenezaji wa filamu za katuni. Walimpa mzee mmoja, mlinzi wa geti, amvishe koti. Mwili wa mzee ulikuwa tayari. Koti alitakiwa alichonge mwenyewe kwenye skrini, kwa kalamu isiyo na wino, kama mtu anayefinyanga udongo asioushika. Likikubaliwa, anaajiriwa. Likikataliwa tena, kazi anapewa mwingine. Nasema tena, maana la kwanza lilisharudi.

"Babu, hebu ona," aliniambia, uso umemshuka. "Bosi anasema mlinzi wangu amevaa bati."

Nikaona. Lilikuwa bati kweli. Mikunjo imejipanga mstari kwa mstari kutoka begani hadi kiunoni, ungeweza kuezekea banda la kuku.

"Kazi ndogo hii. Niachie mashine mpaka kesho."

"Wewe? Si unachezea karata tu humo?"

"Kwani bomba nilifundishwa na nani?"

Hakujua kwamba siku zote nilizokaa nyuma ya kiti chake nikijifanya nasinzia, nilikuwa naiba kazi kwa jicho moja.

Basi nikafumba macho, nikaliona koti zima kichwani, nikalichonga. Nilipomaliza, nzi alitua kwenye skrini, akaingia ndani ya mkunjo wa kiwiko, na hajatoka hadi leo. Mke wangu alipita akaniambia nimvue yule mzee koti, alifue pamoja na mashuka. Mimi mwenyewe nilijikuta natafuta funguo zangu mfukoni mwake.

Mjukuu alikodoa macho. "Umewezaje?"

"Nguo haijikunji ovyo, mama. Mkunjo una pa kuzaliwa. Unaanzia pale nguo iliposhikwa: kwapani, kwenye kifungo, ndani ya kiwiko. Kutoka hapo unatawanyika, unafifia, unakufa. Ni kama bomba, kelele zote ziko kwenye kona. Pasiposhikwa, paache patulie."

Akalituma. Bosi akapiga simu, sauti yake ikajaa chumbani. "Koti zuri sana. Sasa nataka hilohilo, ila mlinzi ameinua mkono, anasimamisha gari. Kesho jioni liwe hapa."

Mjukuu akanigeukia, anacheka. "Haya Babu, fumba macho."

Nikafumba. Giza. Nikakaza zaidi, nikaona nyota mbili tatu, koti hakuna.

"Ngoja nikachukue miwani stoo," nikasema.

"Miwani si hiyo usoni?"

Mara mke wangu akapaza sauti huko nyuma ya nyumba. "Mzee! Njoo unieleze, nani huyu amesimama nyuma ya mlango wa stoo bila kichwa?"

Lilikuwa koti langu la harusi za watu. Nililichovya kwenye ndoo ya wanga mzito, nikalivisha ufagio, nikalikunja kiwiko, nikaliacha likauke. Nilikuwa naenda stoo, natazama mkunjo mmoja, narudi, nauchonga, naenda tena. Mke wangu alilibeba hadi chumbani akaliweka sakafuni. Likasimama lenyewe.

Mjukuu akalitazama, akatazama skrini, akanitazama mimi.

"Kumbe kichwa chako unakiweka stoo!"

Akajaribu kuunyanyua ule mkono. Koti likalia kraa, wanga ukamwagika, mkono ukabaki palepale. Kicheko kikamwisha usoni. "Kesho jioni, Babu. Nitafanya nini?"

"Koti halina mtu ndani, litainuaje mkono?" mke wangu akasema. Wote wawili wakanigeukia. "Umenimalizia wanga wa mashuka, na uongo juu. Utalipa."

"Nitakununulia mwingine."

"Nani amekwambia kununua? Lifue. Kesho unalivaa, unasimama pale dirishani, mkono juu, mdomo umefungwa. Mpaka mtoto amalize."

Mkono ningevumilia. Ila mdomo, jamani!

Nililifua hadi maji yakaacha kutoka meupe. Kesho yake nikasimama. Mjukuu alinizunguka taratibu, halafu akarudi kwenye skrini.

"Mikunjo ya kiwiko imefunguka yote," akajisemea. "Imehamia begani. Na pindo limepanda upande mmoja! Kifungo nacho kinavuta."

Nilitaka kusema, si nilikwambia? Mke wangu akaninyooshea kidole. Nikameza.

Mwanga ulisogea kutoka ukutani hadi sakafuni. Kalamu ilikuwa inakwaruza polepole. Hatimaye akatuma, tukangoja, simu ikalia kidogo. Akasoma kwa sauti: "Huyu sasa amevaa. Jumatatu njoo usaini mkataba."

Yeye na bibi yake wakakumbatiana, wakarukaruka, wakaenda jikoni kuchemsha chai. Mimi nikabaki dirishani nasimamisha gari lisilokuwepo.

"Jamani," nikaita, "nishushe?"

"Nani amekuruhusu kuongea?" mke wangu akajibu kutoka jikoni. "Haya, anza upya. Mkono wa kushoto."

Nikainua.