Nyusi za Kwao

Walikuwapo studioni, Yash mbele ya kompyuta, na Gathoni kwenye kiti cha plastiki, mtoto wake Wamaitha amelala mgongoni mwake, na Jerop kando, Kiprugut mdogo mapajani akimumunya biskuti aliyopewa na Yash bila kuomba, hao tu, na nyuma yao bado lilining'inia pazia lililochorwa maporomoko ya maji, pale walipopigwa picha sasa hivi, bega kwa bega, na uso wa Gathoni ulikuwa umejaa kioo chote cha kompyuta, mpana kama sinia, hata vinyweleo vya shavuni vinaonekana, na hakujua atazame wapi, maana ni yeye aliyeyataka haya, ni yeye aliyesema mbele ya Jerop, mimi nifanye katuni, kama zile za vitabu vya watoto, mtu asinijue, na Yash akageuka akamtazama kidogo, kisha akasema, "Sawa madam, hiyo ni kazi rahisi," wala hakuuliza kwa nini, kijana ana adabu, wangapi wangeuliza... "Na huyu mwingine?" "Mimi niache hivyo hivyo," Jerop alisema, "sura ni hii tu niko nayo, nikiiharibu nitatoa wapi ingine," wakacheka wote watatu, na Gathoni akasikia kicheko chake kikitoka kikubwa kuliko vya wenzake, akakikata.

Hivi ndivyo Yash alivyokuwa akifanya, aliweka juu ya picha kitu kama karatasi ya nailoni isiyoonekana, akafuata mistari kwa mausi, taya, sikio, shingo, polepole kama mtu anayeshona pindo la gauni, halafu akajaza rangi, rangi moja shavu lote, wala doa wala kovu, na akibonyeza pale pembeni picha ya chini inapotea, inabaki mistari peke yake, akibonyeza tena Gathoni anarudi, anapotea, anarudi, na ubavuni mwa kioo lilionekana bega la Jerop na kipande cha kitambaa chake cha kichwa, kile kizuri cha kwendea kanisani, amekipiga pasi, amejipaka mafuta, Jerop amekuja kupigwa picha kama mtu anayekwenda harusini, na yeye amekuja kama mwizi... Sista wa parokia alitaka picha ya majirani wa makabila mawili waliofichana ile Januari ya fujo za uchaguzi, iingie kwenye jarida la akina mama, alisema mkionekana wengine watapata moyo, na Jerop akamwitikia Sista kabla hajamaliza, Jerop ambaye ile ploti yao ya vyumba vya kupanga amehama na mpaka leo akisikia pikipiki usiku anaketi kitandani, na Gathoni aliyemficha ndiye aliyetafuta maneno, majirani watanisema, Sista, unajua watu wa ploti, na Sista akamshika mkono akamwambia hakuna neno, tutaona vile tutafanya, na mkono wa Sista ulikuwa na joto, na Gathoni alikuwa anamdanganya.

Si majirani. Majirani wangesema wakachoka. Ni Gakuru, kaka yake, wa tumbo moja, aliyemlipia karo mpaka darasa la nane, akapigana na baba yao amalize, Gakuru anayeteremsha viazi kutoka Mau Narok na lori likipita anashusha debe pale ploti, na Jerop akija kununua anampimia, debe likijaa anaongeza vingine juu mpaka vinaporomoka, "Shika hivyo pia, Mama Kip, hivyo ni vya mtoto," na Jerop anavikusanya kwenye leso akicheka, hiyo ilikuwa mwaka jana tu, ni mkono uleule, halafu Januari mkono ule ukagonga mlango, na nyuma yake wanaume ambao Gathoni hakuwajua, na alichokuwa ameshika hakukitazama, alimtazama usoni, akamwomba Mungu macho yake yasikishukie, na Jerop alikuwa chini ya kitanda, Kiprugut kwenye titi asilie... "Jirani yako ako wapi?" Angeweza kusema sijui. Watu wengi walisema sijui. Lakini aliona sijui haitatosha, akasema, na akasema kwa sauti ya mdomo mchafu ambayo hakujua anayo, "Hao walienda kitambo. Hata nimefungua dirisha harufu yao itoke," na wale wanaume wakacheka, naye akacheka nao, akacheka zaidi yao, na Gakuru peke yake hakucheka, aliinua unyusi mmoja, kama anavyofanya tangu utotoni akisikia kitu, akatazama dirisha, na dirisha lilikuwa limefungwa, kisha akasema, "Twendeni." Mpaka leo hajui kama alimwamini.

"Hapa kwa pua niipunguze kidogo?" Yash aliuliza, na Gathoni akasema ndiyo, punguza, kama mtu anayeulizwa chumvi, na ile pua aliyorithi kwa mama yake ikapungua... Jerop alipotoka chini ya kitanda hakulia wala hakusema asante, aliomba kitambaa cha kupangusa, mtoto alikuwa amekojoa, akapiga magoti akapangusa sakafu, akapangusa na pale pasipokuwa na maji, akasuuza kitambaa, akapangusa tena, halafu akaenda mwenyewe akafungua dirisha, kidogo tu, na Gathoni alisimama katikati ya chumba chake mwenyewe akiwa na mikono miwili isiyo na kazi. Hawakuwahi kuligusa jambo hilo. Alijituliza kwa kitu kimoja, kwamba chini ya kitanda mtu anaona viatu tu, na gambuti za mpira zote ni sawa, kwa hiyo Jerop amesikia tusi lakini hajui ni mbele ya nani, na hilo, mchana akifua, lilimtosha, usiku halikumtosha.

"Mama Wama," Kiprugut alisema, akinyoosha kidole chenye makombo kuelekea katuni.

Yash alicheka kidogo. "Umeona? Mtoto amekujua. Nimetoa kovu, nimetoa pua, na bado ni wewe. Sasa mtu akikuona kwa mbali, anakujulia wapi?" Na Gathoni, nani anajua anajulikana kwa nini, alikuwa akifikiri pengine ni mdomo, ule mdomo, na Jerop akajibu kwa niaba yake, akimpangusa mtoto kidevu, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ni nyusi. Badilisha hizo nyusi. Hizo ni za kwao, kaka yake anazo hivyo hivyo, ukimjua mmoja umemjua mwingine."

Kaka yake. Yash alikuwa amekwisha kugeukia kazi, kwake lilikuwa neno tu, lakini Gathoni alihisi mtoto mgongoni amekuwa mzito ghafla, akamgeukia Jerop, na Jerop hakumtazama, alisema chini chini, "Si alinipimia viazi mwaka mzima, Mama Wamaitha. Sauti yake naijua. Sitaki akusumbue, ndio maana." ... basi alijua, alijua pale sakafuni, alijua akiomba kitambaa, amejua miezi yote hii akimletea Wamaitha maziwa, alijua leo akipiga pasi kile kitambaa, na Sista aliposema picha, Jerop hakutaja jina la mtu, na mimi niliposema majirani watanisema aliniacha niseme, alinishikia uongo wangu kama mtu anavyokushikia mzigo ukifunga kamba ya kiatu...

"Ile maneno ya dirisha," Gathoni alianza.

"Ulisema vizuri," Jerop alisema. "Si waliondoka."

Vizuri. Angetukanwa angejua pa kuweka macho. Yash alifuta unyusi wa kwanza, akafuta wa pili, na kwa muda kidogo kabla hajachora nyingine kulikuwa na uso kwenye kioo usio wa mtu yeyote, laini, umeshangaa, "Hapo sasa hata mimi sikujui," akasema kwa furaha ya kazi, na Gathoni akautazama, akaona aibu iko palepale, haikufutika na nyusi, ila haikuwa tena ya kumwogopa Gakuru, na kwamba ameogopa kwa miezi mingi kitu ambacho wao wawili wanakijua, pengine na wa tatu, Gakuru mwenyewe, anakijua, aliliona dirisha, akasema twendeni... Kiprugut aliangusha biskuti, Jerop akainama kuiokota, Yash akauliza nyusi mpya aweke nyembamba au nene, na Gathoni akasema weka zozote.

Jarida lilitoka mwezi wa tisa na katuni ndani yake, na Jumapili iliyofuata Gathoni alipanda nalo Mau Narok akamwonyesha kaka yake katika picha ile yeye ni yupi.