Komeo la Chapuchapu

Meza yangu ya kulia ilitekwa tangu asubuhi. Umeme wa ofisini kwao ulikatika, mjukuu wangu akamleta bosi wake nyumbani, na kompyuta mbili, na nyaya za kutosha kuanika nguo za ukoo mzima. Bosi huyo namwita Chapuchapu. Hata chai huigugumia ya moto, halafu anailaumu chai.

Ugomvi wao ulikuwa mmoja. Kesho yake programu yao ilitakiwa kwa wachoraji wa majengo. Michoro yote hukaa kwenye mashine moja wanayoiita ghala, na kompyuta ya mchoraji ikiuhitaji mmoja, ghala huusukuma moja kwa moja ndani ya kumbukumbu ya kompyuta, bila hodi. Mjukuu wangu alitaka ghala lifunguliwe kipande kimoja tu cha kumbukumbu, kikishapokea kifungwe, ndipo kipewe kazi nyingine. Chapuchapu alitaka kumbukumbu yote iachwe wazi siku nzima, maana fungua-funga inachelewesha na wateja wamechoka kungoja.

"Ghala ni letu wenyewe," alisema, kwa mara ya sijui ngapi. "Nani ataiba?"

"Siyo wizi, bosi. Ni mzigo uliochelewa. Unafika mahali pameshapewa mwingine."

Wakazunguka hapo hapo mpaka kichwa kikaniuma. Nikawaambia waijaribu hiyo ya wazi, watu tule. Michoro ikaja mbio kweli, Chapuchapu akavimba kama andazi. Kisha ukatokea mchoro wa wodi ya wazazi, na juu ya paa lake umejipanga msururu wa vyoo. Mchoro wa shule ulichelewa njiani, ukamwagikia wodi.

Chapuchapu akasema hiyo ni bahati mbaya tu, haitokei kila siku. Mjukuu wangu akajibu kwamba kazi hiyo haitoki mikononi mwake ikiwa hivyo, na kama ni kufukuzwa, afukuzwe sasa hivi.

Chapuchapu akainuka kwenda bafuni kupoza hasira. Nikasikia komeo likiingia.

"Acha wazi tu, mwanangu," nikamwambia nikiwa mlangoni. "Nyumba ni yetu wenyewe."

Kisha maji yakafunguliwa. Alipotoka hakunitazama.

"Haya, ufunge," alimwambia mjukuu wangu. "Lakini wakilalamika, simu unapokea wewe."

Akakubali. Tangu juzi simu haziishi, na anazipokelea hapo hapo mezani pangu. Mimi bado nala na sahani mapajani.